Sauti ya Kwanza ya Chiriku

Mzee Anselmo aliitazama picha mara moja tu, akaigeuza kifudifudi juu ya gunia la makopa ya muhogo.

"Rose simjui."

Esther alijua anadanganywa.

Pichani walisimama wasichana wanne wenye kanga sare, kikundi cha waimbaji kilichoitwa Chiriku wa Masasi. Miaka ya sitini hakuna sherehe iliyonoga bila wao. Wawili walikwisha kutangulia mbele ya haki. Wa tatu, Bibi Julia, bibi yake Esther, alikuwa amelazwa hospitali ya Mkomaindo, na daktari alishawaambia ndugu wakae karibu. Ombi lake lilikuwa moja: amsikie tena Rose, sauti yao ya kwanza.

"Siri ya mtungi aijuaye kata," alikuwa amemnong'oneza Esther. "Kamuulize Anselmo wa Makote."

Na Esther alikuwa amekuja.

"Babu, bibi hamalizi siku mbili. Rose ni dada yako?"

"Kwetu tulizaliwa wanaume watupu."

"Basi alikuwa mchumba wako? Ulimfanya nini?"

"Punguza sauti!"

Mzee alichungulia uani. Wazee wenzake walikuwa wakimngoja wapange kambi ya jando. Miaka arobaini yeye ndiye aliyewafunda wavulana wa Makote uanaume, na mvulana aliyelia mbele yake alijuta kuzaliwa.

Hofu ikamwingia Esther. Alikumbuka habari za sherehe ile ya Saba Saba pale Newala: sauti ya Rose ilivunjika katikati ya wimbo, ikatoka nzito, umati ukaangua kicheko, naye akakimbia jukwaani asionekane tena. Chiriku wakavunjika siku hiyo hiyo. Watu walisema amerogwa, wengine, ameuawa.

"Babu," alisema, machozi yakimlenga, "kama kuna kaburi, nionyeshe tu. Nimwambie bibi ukweli."

Anselmo akavaa koti, akatoka uani. "Leo msiningoje," aliwaambia wazee.

Wakapanda basi hadi Masasi.

Wodi ya wanawake ilikuwa imejaa. Kando ya kitanda cha jirani, mwanamume mmoja aliyekuwa akimlisha mama yake uji aliruka kusimama wima. Alikuwa Zabroni wa Makote, aliyepita mikononi mwa mzee jandoni.

"Shikamoo, Mwalimu!"

"Marahaba," Anselmo alijibu. Aliutazama mlango. Esther akadhani anataka kutoroka, akasogea kumzuia.

Lakini mzee alipiga magoti kando ya Bibi Julia. Akakohoa. Kisha, wodi nzima ikisikia, akaanza kuimba wimbo wa Chiriku kwa sauti nyembamba, ya juu, ya msichana.

Kijiko kikamponyoka Zabroni.

Bibi Julia hakufumbua macho. Aliutafuta mkono wa mzee, akaukamata.

"Safari hii usikimbie, Rose."