Sahani Iliyopita Dirishani

Kimashine cha Bi Rukia kilikaa dirishani, taa yake ya kijani ikikonyeza polepole. Kupitia mtandao, ujumbe wa watu asiowajua uliingia humo umefungwa tabaka juu ya tabaka, ukatoka vilevile kwenda kwa wengine asiowajua. Alikiwasha kwa hiari yake, ili wenye hofu ya kufuatiliwa wapate pa kupitishia maneno yao.

Alasiri hiyo balozi wa mtaa, Mzee Hemedi, alikuja na sahani iliyofunikwa kawa.

"Mke wangu anasema umpitishie jirani wa nyuma." Kisha akaweka kidole kwenye swichi ya kimashine. "Na hiki nimeagizwa nikizime. Kinabeba maneno ya nani?"

"Sijui, mzee wangu."

"Hujachungulia hata mara moja?"

"Wewe sahani hii umeichungulia?"

"Astaghafiru! Nifunue chakula cha watu?"

Bi Rukia aliichukua sahani. Aliipitisha dirishani, na mikono miwili ikaipokea kutoka ng'ambo ya ukuta. Harufu ya iliki ikabaki chumbani. Mzee Hemedi alisimama palepale, kidole kikimulikwa kijani.

Punde mikono ile ikarudisha sahani, imefunikwa. Mzee Hemedi ndiye aliyekuwa karibu na dirisha. Akaondoa kidole kwenye swichi, akanyoosha mikono yote miwili kuipokea, na ilikuwa nzito.