Nukta Nyekundu Kwenye Skrini

"Nibadilishie rangi, mama watoto. Si wewe ndiye mwenye mashine?"

Muuguzi mkuu aliibana simu begani, macho kwenye skrini. Jukwaa la uwanja wa mpira lilikuwa limeporomoka, na majeruhi walijaa ua mzima wa hospitali, vumbi limewafanya wote sura moja. Kila mmoja alifungwa bangili inayorusha mawimbi: wa nyekundu apelekwe kupasuliwa, wa kijani asubiri. Kwenye skrini walikuwa nukta tu. Wabeba machela nao hawakuuliza jina, walifuata bangili.

"Umeteguka kifundo cha mguu, baba watoto. Kijani ni kijani."

"Yaani mimi, mumeo, nikae hapa na watoto wa watu?"

"Ukae. Na ukichoka kukaa, endelea kukaa."

Akakata simu. Karani wa mapokezi akacheka chinichini. "Dada, leo utalala nje."

"Nitalala usingizi mzuri, lakini."

Wakubwa kadhaa walishampigia kuwaombea ndugu zao, na wote aliwatolea nje. Aje aanze kupindisha kwa mumewe? Aliyemkaa rohoni ni binti mmoja mdogo, tumbo limevimba kwa damu ya ndani, hata kulia halii. Bangili za watoto zilikuwa zimeisha. Alimvisha nyekundu ya mtu mzima, ikimpwaya, akamlaza kando ya benchi la wale wa kijani kwa kuwa hapakuwa na nafasi kwingine.

Sasa nukta ile nyekundu ikaanza kusogea. Uani, koridoni, mlango wa upasuaji. Akashusha pumzi.

"Kale katoto kameingia."

"Na shemeji?"

Akaitafuta nukta ya kijani ya mumewe. Ilikuwa benchini, imetulia tuli.

"Kashika adabu. Umeona? Ukiwa mkali wanaelewa."

Simu ya ndani ikalia. Alikuwa daktari wa upasuaji, hasira tupu.

"Sista, mmeniletea nini huku? Nimemsogeza mtu mwenye fuvu lililopasuka nimpishe huyu, kumbe kateguka kifundo! Namuuliza, ananijibu mke wake ndiye mwenye mashine."

Muuguzi akageukia skrini. Nukta ya kijani ilikuwa pale pale, imetulia tuli, na nyekundu zilikuwa zikiipita, moja baada ya nyingine, kwenda upasuaji.