Albamu ya Jebet

"Zima AC," Jebet alisema, na Gerishon akaizima kwa mara ya kumi na moja siku hiyo. Ngurumo yake ilikuwa ikiingia kwenye maikrofoni.

Chumba cha kurekodia, kule mtaa wa Najma, ughaibuni, kilikuwa kidogo, kuta zimefunikwa magodoro. Joto likapanda papo hapo. Jebet alikuwa mwimbaji wa nyimbo za kwao Bomet, yeye na gita lake tu, na mwaka mzima alikuwa amekataa katakata mambo ya jazi. Wiki hii alikuja na Cyrus, mpiga kinanda wa hoteli moja ya mtaa wa Al Sadd, akamwachia kila wimbo aupinde apendavyo.

Gerishon, aliyekuwa akirekodi, hakuelewa. Kinanda kilikuwa kinaimeza sauti ya Jebet.

"Dada, hii ni albamu yako. Imba!"

"Mwache Cyrus apige," Jebet alijibu, sauti imekwaruza. "Upasuaji ni kesho saa moja asubuhi. Tukikosa leo, basi."

Gerishon akaitazama skafu aliyojifunga Jebet shingoni. 

 Cyrus alipiga kama mtu anayefukuzwa, na kila wimbo ulipoisha alirudisha mkono wa kushoto mfukoni mwa koti, joto lote lile.

Adhana ya Magharibi iliwasimamisha kidogo. Waliporudi kwa wimbo wa nane, wa mwisho, kompyuta ikagoma. Nafasi ya kuhifadhi imejaa.

"Kuna nini?" Jebet aliuliza.

"Sekunde moja tu."

 Kazi yote ya siku tatu ilikuwa mle, na Gerishon hakuwa na pengine pa kuiweka. Kinanda kinaweza kupigwa siku yoyote, aliwaza. Koo likishaguswa na kisu, limekwenda. Akafuta kinanda cha nyimbo saba, akabakiza sauti na gita. Wimbo wa nane akaurekodi sauti peke yake, bila kuwaambia.

Walipomaliza, Jebet alimkumbatia Cyrus, na Cyrus ndiye aliyelia.

"Ni hospitali gani?" Gerishon alimnong'oneza mlangoni. Cyrus akamtajia.

Kesho yake, saa moja kasorobo, Gerishon alipanda ngazi za hospitali mbio, flashi aliyoinunua usiku mkononi. Ndani yake mlikuwa na sauti ya Jebet, safi, haijafunikwa na kitu. Angalau aisikie kabla hawajampa dawa ya usingizi.

Milango ya chumba cha upasuaji ikafunguka. Jebet akatoka amevaa nguo za kijani na kofia, beji ya muuguzi kifuani, akaushika ukingo wa kitanda kilichokuwa kikingoja kando ya ukuta. Juu yake alilala Cyrus. Mkono wake wa kushoto ulikuwa juu ya shuka, umezungushiwa mstari wa wino kwenye kiwiko cha kiganja, mahali pa kukatwa.

"Gerishon! Umeileta?" Jebet alisema, macho yamejaa machozi. "Mwekee upesi, asikie kinanda chake."