Hofu ya Hemedi

Hofu haitupwi siku hizi. Ikitolewa mwilini mwa mgonjwa, lazima ndugu aipokee. Mume wangu Hemedi alikuwa zimamoto, na tangu aangukiwe na ghala linalowaka alikuwa akikimbilia uvunguni kila nikiwasha kiberiti. Hospitali ikamtoa hofu yote, mama yake akajitolea kuipokea. "Nilimbeba tumboni," alisema, "woga wake utanishinda?"

Hemedi akapona siku hiyo hiyo. Niliyeanza kuugua ni mimi, kwa hasira. Mama mkwe sasa analala na ndoo. Kwenye harusi ya wifi yangu alilimwagia maji biriani, kwa sababu ya makaa juu ya kifuniko. Juzi kamlowesha sheikh aliyekuja kutusomea dua, kisa chetezo.

"Mama, huo ni ubani tu!"

"Ubani unawaka kwa nini, kwa maji?" akanijibu, sheikh akikamua kanzu.

Leo daktari amekuja kumpima Hemedi. Alimpigia king'ora sikioni, akamwonyesha picha za nyumba zikiteketea. Hemedi akapiga miayo. Daktari alisema hajawahi kuona mtu aliyepona namna hii.

Mara mama mkwe akapiga kelele jikoni, "Moto! Jamani, ndoo haitoshi!"

"Ndiyo kawaida yake, daktari," nikasema. Tukacheka, nikawamiminia chai.

Kisha moshi ukaanza kupenya chini ya mlango. Nikamgeukia Hemedi, zimamoto wa miaka mingi. Aliutazama, akapuliza chai yake, akaniomba sukari.