Koti la Raziki

Kibali cha kazi alichokuwa nacho Raziki kama mwanafunzi kiliisha jana, na viza ya kazi ilikuwa bado haijatoka. Hata hivyo alikuja zahanati, akaketi kwenye benchi la wagonjwa.

"Dada Raziki, njoo basi," muuguzi mwenzake aliita. "Mshipa wa mtoto huyu siuoni. Wewe huupata mara moja."

"Nikishika sindano leo, Uhamiaji watanifukuza nchini."

"Nani atajua?"

Mtoto aliacha kulia, kichwa kikamlegea.

Mwisho wa benchi aliketi mwanamume asiyeonekana kuumwa wala kuuguza. Tangu asubuhi hakuulizia zamu yake.

Raziki aliinuka, akamwelekea mtoto. Mwanamume naye akainuka taratibu, akalitungua koti la baridi la Raziki kati ya makoti yote ukutani, akamshikia avae waondoke.