Gari la Kumpeleka Bibi Kanisani

Komeo la mlango wa jikoni lililia gizani, nikajua mama mkwe ameamka. Ilikuwa Jumapili ya mavuno huku Kamachumu.

Kulipopambazuka nikayaona magari mawili uani. Letu lilikuwa la mkononi, viti vimepauka. Mwenyewe, mtu wa Kashai mjini Bukoba, alitupa tulijaribu mpaka kesho ndipo tuamue kama tutalinunua. La wifi yangu Klaudia lilikuwa jipya, hata nailoni ya viti hajaitoa. Nikalizunguka mara mbili.

"Wifi," akacheka, "hilo lenu limeshakaliwa na makalio ya watu wangapi?"

Nikacheka pia. Kisha nikamnong'oneza mume wangu, "Kesho mrudishie mtu gari lake. Nataka jipya, kama la dada yako."

"Tungoje miaka mingapi?"

"Hata kumi."

Mama mkwe akatoka na gauni lake la kanisani, amekumbatia mkungu wa ndizi wa sadaka aliotoka kuukata mwenyewe. Utomvu ulimchuruzika mkononi. Akaenda moja kwa moja kwenye gari la bintiye.

Klaudia akauwahi mlango. "Mama, subiri nitandike gazeti. Huo mkungu usiuingize, utatia madoa. Na hiyo mikono, Mama, usishike kitu."

Mama mkwe akasimama palepale, mkungu kifuani, akivitazama vidole vyake vilivyoanza kuwa vyeusi.

Mwanangu, aliyekuwa ameshaingia garini mwetu, akausukuma mlango kwa mguu ukafunguka.

"Bibi, njoo ukae na mimi."