Nukta Kwenye Tumbo la Kenge

Kenge aliyechorwa na Siwatu kwenye kompyuta alionekana amepakwa masizi. Kila Siwatu alipomtia kivuli cheusi, kenge alizidi kuchafuka. Kwenye kompyuta ya jirani, kenge wa Makame alikuwa na kivuli cha zambarau, na tumbo lake ungedhani linapumua. Mchezo wa kompyuta waliokuwa wakiuchorea ulihitaji kenge mmoja tu.

"Kwa nini zambarau?" Siwatu aliuliza.

"Hata sijui, dada. Mkono tu."

Mkono tu! Neno lilimchoma Siwatu kama mwiba wa samaki.

Makame alipotoka kwenda kunywa chai, Siwatu aliivamia kompyuta yake, akatia nukta moja ya rangi ya chungwa katikati ya kile kivuli. Ionekane kama doa, watu wamcheke Makame.

Mara Makame akarudi na bosi wao, Bi Mashavu, ambaye aliinama mbele ya skrini.

"Makame, nukta hii! Kama moto umemmulika kutoka chini. Huyu ndiye kenge wetu. Uliwazaje?"

Makame aliikodolea macho nukta asiyoijua. Kisha akamgeukia Siwatu, akamtazama.

"Mkono tu, bosi."

Siwatu alimgeukia kenge wake mweusi. Nukta yake iliendelea kuwaka kwenye tumbo la kenge wa mwenzake.